Kamba ya Kizimba cha Janae

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajamaliza hata kutafuna mkate wake wa mahindi, Leona Pinder alikuwa ameshavaa viatu vya mpira na kushuka kwenye gati nyuma ya nyumba yao. Hakuna aliyemsukuma. Kazi nyingine, kama kukunja nguo au kuosha banda la mbwa, ziliweza kumsubiri mpaka jioni, lakini kizimba chake cha chaza hakikungoja.

Kizimba chenyewe kilikuwa kisanduku cha waya, kimefungwa kamba kwenye nguzo ya gati na kuzamishwa majini. Ndani yake mlikuwa na makombe makuukuu, na juu ya makombe hayo walijishikiza chaza wachanga wadogo kama ukucha. Shule iliwagawia watoto wote wa darasa la sita mwezi wa Septemba. Walitakiwa kuwalea mpaka Juni, na kila wiki kukivuta kizimba, kukitikisa matope yatoke, kisha kukirudisha chini. Mwezi wa Juni chaza wote wangekwenda kumwagwa kwenye mwamba ulio katika mto Choptank, mahali pasipovuliwa, wakae huko waisaidie Ghuba, ambamo mto huo humwagikia, kujisafisha. Chaza huvuta maji mchana na usiku, hula vijimea vinavyoyachafua, halafu huyatema yakiwa mangavu. Watoto wa Kijito cha Sorrel walilijua hilo kama walivyojua majina yao.

Leona alilijua kuliko wote, au ndivyo alivyojiona. Yeye alikuwa mjukuu wa Kapteni Elwood Pinder, aliyevua chaza na kaa maisha yake yote mpaka magoti yakamkatalia. Boti ya Babu iliitwa Miss Leona, jina la marehemu bibi, na Leona alirithi jina hilohilo. Boti hiyo ndiyo iliyobeba chaza wa shule kila Juni, na Babu alikuwa na desturi yake: mtoto aliyelea vizuri kuliko wenzake ndiye aliyeshika usukani kutoka gatini hadi mwambani. Leona aliungoja mwaka wake tangu alipokuwa akifungwa jaketi la kuelea lililomfika magotini. Mwaka wenyewe ulikuwa huu.

Lakini mwaka huuhuu akaja Janae.

Janae alikuwa binti wa Shangazi Vernell, dada wa baba yake Leona. Alizaliwa Baltimore, akakulia ghorofa ya nne, na mpaka kiangazi kile hakuwahi kumshika kaa aliye hai. Shangazi alipopata kazi ya uuguzi huku, mama na mtoto wakahamia kwa Babu, pale kijito kinapokutana na mto. Kwa hiyo Janae akalala chumba kinachoitazama Miss Leona, akala kifungua kinywa na Babu kila siku, na shuleni akapewa kizimba chake kama wengine.

Mwanzoni Leona alimcheka kidogokidogo, kwa heshima. Janae alivaa glavu za jikoni kukivuta kizimba, na alipiga kelele kila uduvi alipomrukia. Kicheko hicho kilikwisha Jumapili moja ya Novemba, baada ya ibada, ukoo mzima ulipokusanyika kwa Babu kula kuku na madonge ya unga ya kuchemsha.

"Vernell! Wendell! Njooni gatini mwone!" Babu aliwaita Shangazi na baba yake Leona.

Walimkuta amekalia ndoo, kizimba cha Janae kiko miguuni pake. Chaza walikuwa wamefikia ukubwa wa sarafu, makali ya makombe yao yaking'aa meupe.

"Mwangalieni huyu," Babu alisema, akimshika Janae begani. "Ametoka mjini juzi tu, na mkono wake huo! Nahodha wangu huyu!"

Nahodha. Leona alilisikia neno hilo likimwingia kama mwiba. Babu hakuwahi kumwita yeye nahodha. Alimwita "kidege", jina la mtoto mchanga.

"Wako wakoje, Leona?" Janae aliuliza, naye aliuliza kwa nia njema kabisa.

"Wapo."

"Nimewaona Ijumaa. Mbona wamedumaa vile? Labda huwatikisi vya kutosha. Mimi huwatikisa huku nawaimbia."

Watu wazima wakacheka. Leona naye akacheka kwa meno tu, kisha akarudi ndani na hakuonja hata pai ya viazi vitamu aliyoipenda.

Kuanzia siku hiyo wivu ukahamia kwake mzimamzima. Alitikisa kizimba mara mbili kwa wiki, kisha tatu, mpaka viganja vikaota sugu. Kila alipokivuta, kilitoka kimepakwa tope la kahawia, zito, lenye harufu ya samadi. Baada ya mvua hali ilikuwa mbaya zaidi. Chaza wake walikuwa hai, lakini walikuwa kama watoto wanaokula wamefunikwa shuka usoni.

"Ni uchafu wa Pennsylvania huo," baba yake alisema mezani, kama alivyosema siku zote. Baba alilima mahindi na soya mpaka ukingoni mwa maji. "Watu wa jimbo lile la juu wanalima ovyo, mito inatuletea sisi huku chini. Tutatikisa mpaka tuzeeke."

Leona hakuwa na haja na Pennsylvania. Yeye aliangalia karibu zaidi. Kama maji yalikuwa mabaya kwa wote, kwa nini Janae alinawiri? Bila shaka Babu alimsaidia kwa siri. Bila shaka walimpa kizimba kizuri. Akilini mwake kila tabasamu la Janae likawa la kumsimanga, na kila mara Babu aliposema "nahodha", alihesabu ni kitu alichonyang'anywa yeye.

Ikafika Januari. Jumatano moja mama yake alimtuma apeleke sufuria ya supu kwa Babu, na aliwakuta wametoka wote. Aliiweka sufuria jikoni. Alipopita gatini, kamba ya Janae ilikuwa pale, imefungwa kwa fundo la kitoto lililozungushwa mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Wazo lilimjia likiwa dogo, tena likiwa na visingizio vyake. Hakutaka kuwaua. Kila mtoto wa kijito alijua kwamba chaza hula wakiwa ndani ya maji tu. Kizimba kikitokeza juu kidogo maji yanapokupwa, watakosa mlo mmoja mmoja. Watapunguza mwendo tu. Wamngoje na yeye. Leona alikivuta kizimba juu kiasi cha mkono, akaifunga kamba upya, na akalizungushazungusha fundo mpaka likafanana na la Janae. Akaondoka mbio.

Kitu ambacho mtoto wa kijito alipaswa kukijua pia, na ambacho siku ile wivu ulimsahaulisha, ni upepo wa kaskazini-magharibi.

Ulianza kuvuma Ijumaa usiku. Ukivuma huo wakati wa baridi, huyasukuma maji ya Ghuba kwenda baharini, na vijito vyote hubaki vitupu zaidi ya kupwa kwa kawaida. Jumamosi asubuhi Leona aliamka akakuta matope yamelala wazi mpaka katikati ya kijito, boti ya jirani imekaa ubavu, na madirisha yameota barafu. Kizimba chake alikizamisha shimoni kama alivyofundishwa, kwa hiyo hakikuwa na neno. Kisha akakumbuka kamba nyingine.

Hakusubiri mkate. Alikimbia njia nzima, baridi ikimkata masikio, na alipofika Babu na Janae walikuwa wameshasimama gatini. Kizimba kilining'inia hewani juu ya tope, kimeganda, makombe yameshikana kwa barafu. Pembe ya chini tu ndiyo iliyogusa dimbwi.

"Nilikuambia mara ngapi?" Babu alikuwa akisema. Hakupaza sauti, ila ilikuwa imekauka. "Baridi ikiingia, kamba inaongezwa, haipunguzwi! Chaza akiganda nje ya maji amekwisha. Ulikuwa unawaza nini?"

"Sijaigusa, Babu."

"Basi imejifunga yenyewe?"

Janae aliitazama kamba. Aliliona fundo, na fundo lilikuwa lake kabisa. "Labda… labda Jumapili nilipowatikisa," alisema. "Mikono ilikuwa na baridi. Labda nilifunga vibaya. Samahani, Babu."

"Haya. Ndiyo hasara ya kutozaliwa majini," Babu alisema, akageuka kwenda ndani, akichechemea.

Leona alikuwa na nafasi ya kusema. Lakini Janae alilia, kamasi zikamtoka mbele yake, na kabla Leona hajapiga moyo konde, nafasi ikapita.

Wiki iliyofuata kizimba kikaanza kunuka. Makombe yalifunguka yakiwa matupu, isipokuwa yale machache ya pembe ya chini. Shuleni, wavulana wa safu ya nyuma walimpa Janae jina jipya. "Fundi Friji! Utatugandishia na maziwa?" Mwalimu Haddaway aliwanyamazisha, lakini jina lilishamganda. Janae aliacha kuimba. Kwa Babu, kwenye mlo wa Jumapili, alimwambia mama yake mbele ya watu kwamba afadhali warudi Baltimore, ambako angalau hakuna kitu atakachokiua.

Na Babu, akimwongezea Leona kuku sahanini, akasema, "Naona usukani ni wako basi, kidege."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja tangu utotoni. Leona aliyatafuna pamoja na kuku, na vyote viwili vikagoma kushuka.

Mwezi wa Machi, Jumamosi moja baada ya mvua kubwa, alikuwa akihangaika na kizimba chake kilichojaa tope aliposikia hatua kwenye mbao. Alikuwa Janae, na zile glavu zake za jikoni.

"Mama kasema nisikae ndani kama kuku wa mayai. Wangu wamebaki wachache, nimewamaliza dakika mbili. Nikusaidie?"

"Ukipenda."

Walivuta pamoja. Tope liliwarukia mpaka usoni. Janae alitema, akajifuta, akatazama maji ya kahawia yaliyozunguka gati, kisha akatazama mbele, upande wa mtoni, ambako maji yalikuwa ya kijani.

"Hili tope linatoka wapi?"

"Pennsylvania," Leona alijibu bila kufikiri.

"Pennsylvania iko ule upande?" Janae alinyoosha kidole kwenye mtaro wa shamba la baba yake Leona.

Leona aligeuka. Mtaro aliouruka kila siku ya maisha yake ulikuwa ukimwaga kijitoni maji mazito kama uji wa kakao. Ulitoka moja kwa moja kwenye shamba lililolimwa mpaka ukingoni, ukipita kando ya lile rundo la samadi ya kuku ambalo baba yake alilitandaza kila masika. Hapakuwa na jani hata moja la kuuzuia. Kumbe hakuna aliyempendelea Janae. Kwa Babu maji ya mto yaliingia na kutoka yakiwa na nafuu. Hapa chaza wake walikuwa wakimezwa na shamba la nyumbani kwao wenyewe. Alimwonea binamu yake wivu kwa kosa la mtaro.

Alikaa chini kwenye mbao zilizolowa. "Janae, wewe hukukosea kufunga ile kamba."

"Tumeshamaliza hayo."

"Mimi ndiye niliyeipandisha. Nilileta supu, hamkuwapo. Nilitaka wako wachelewe kidogo. Sikutaka wafe, naapa, nilisahau upepo."

Janae alizivua glavu taratibu.

"Wewe ulikuwapo Babu aliponigombeza."

"Ndiyo."

"Ulisimama pale. Nikaomba samahani kwa kitu ambacho sikukifanya, na wewe unanitazama."

"Ndiyo."

"Wakiniita Fundi Friji ulikuwa unasikia. Na kwa Babu siku ile ulikula kuku!" Alizitupa glavu miguuni mwa Leona. "Mimi sina ndugu mwingine huku. Nilidhani nina wewe."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma. Leona alitaka amkimbilie, akaona hana cha kumwambia zaidi ya kile alichokwisha kusema, na bado kuna wengine waliostahili kukisikia. Alikirudisha kizimba majini, akaenda kumtafuta baba yake ghalani.

Alimweleza yote huku akilia: kamba, fundo, upepo, kisha mtaro. Baba alisikiliza akiwa ameshika spana. Kuhusu kamba alisema jambo moja tu: "Panda gari. Babu yako atalisikia leo, tena kwa mdomo wako." Lakini kabla hawajaondoka alitembea peke yake mpaka ukingoni, akasimama pale matopeni, akatazama maji yake yakiingia kijitoni.

Babu alimsikiliza Leona mpaka mwisho. Hakumgombeza, na hilo lilimwuma zaidi. Alijikongoja mpaka ngazini, akaita juu, "Janae! Shuka, mjukuu wangu. Mzee wako ana deni la kukuomba radhi. Nilikuhukumu bila kuuliza." Janae alishuka hadi ngazi ya katikati, akamkumbatia Babu, na hakumtazama Leona hata kidogo.

Mbele ya darasa pia Leona alisimama Jumatatu na kusema ukweli. Wavulana wa safu ya nyuma walimtafutia jina yeye sasa, nalo alilibeba mpaka shule ilipofungwa.

Masika yale baba hakulima mpaka ukingoni. Majirani walimtania, "Wendell, trekta limekwisha mafuta nini?" Aliacha ukanda mpana kando ya mtaro, akapanda majani marefu na miche ya mierebi, naye Leona akachimba mashimo mpaka mgongo ukamlia. Rundo la samadi walilihamishia bandani, chini ya paa. Maji hayakusafika kwa siku moja, lakini mvua ya Mei ilipokuja, kijito kilichafuka kidogo tu na kikatulia upesi. Kizimba chake Leona alikipeleka kwa Babu, akakining'iniza kando ya wale wachache wa Janae waliobaki, akawatikisa wote kila Jumamosi. Wiki za kwanza Janae alikaa ndani. Baadaye alikaa gatini akisoma kitabu. Halafu siku moja, bila kusema neno, akashika upande wa pili wa kamba.

Juni ikafika. Miss Leona ilipakwa rangi nyeupe, na watoto wakapanga ndoo zao sitahani. Mwalimu Haddaway alikuwa amewapima chaza wote wa darasa, na wale wachache wa pembe ya chini, waliopona kwa dimbwi, waliwashinda wote.

"Usukani ni wa Janae," Babu alitangaza.

Wivu ulimchoma Leona hata hapo. Hakujidanganya kwamba umekwisha. Ulikuja, akautambua, akaukalia kimya kwenye ukingo wa boti huku jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa nyuma yake.

Baba alikuja akakaa karibu naye. "Wivu unauma?"

"Unauma, Baba."

"Utauma. Mimi miaka yote nimewakasirikia watu wa Pennsylvania, na mtaro uko mlangoni kwangu. Ndivyo wivu unavyotufanya, mwanangu. Unatukodolesha macho kwa mwenzetu, na hapo penye kazi yetu hatupaoni. Ungetumia ile siku ya supu kuuliza kwa nini chaza wako wamedumaa, mngekuwa na vizimba viwili vizuri. Wivu ukikujia tena, na utakuja, angalia kwanza kwako. Na ukimkosea mtu, sema siku hiyohiyo, asije akajilaumu kwa mzigo wako."

Boti ilikuwa imetoka kijitoni. Janae alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, ulimi umemtoka kwa bidii, na Babu alikuwa nyuma akifungua ndoo. Leona alitazama mbele akaona maji yamebadilika rangi. Pale palikuwa na fungu la mchanga ambalo mtu wa Baltimore asingeweza kulijua. Akikaa kimya, Miss Leona itakwama mbele ya darasa zima, na nahodha ataitwa majina mapya.

Aliruka akasimama. "Janae! Shika kushoto! Kushoto zaidi, kuna fungu!"

Janae alizungusha usukani. Boti iliinama kidogo, ikalipita fungu upande, ikarudi kwenye maji ya kina. Janae alishusha pumzi, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Machi, akamtazama binamu yake usoni.

"Kuna mengine mbele?"

"Mawili."

"Basi usinipigie kelele kutoka huko," Janae alisema, akisogea kumpa nafasi. "Njoo usimame hapa."